Gitaa Dunguni

Jumatatu, 20 Aprili. Ifakara

Chai ya rangi, kiazi kitamu, dawa ya nyonga. Nimefagia uwanja mwenyewe. Editha hayupo. Nyumba imetulia tangu alipokwenda Namawala kuamia ndege katika shamba letu la mpunga, na utulivu huu ungenifurahisha kama ningekuwa na uhakika kwamba huko anaamia.

Sina uhakika.

Mpunga umeanza kutia maziwa. Huu ndio wakati kwelea kwelea wanaposhuka kama moshi, na shamba lisilo na mtu dunguni tangu alfajiri hadi magharibi hugeuka majani matupu kabla mwenyewe hajapata habari. Nimekaa juu ya dungu letu, jukwaa la miti, misimu mingi. Mwaka huu nyonga imekataa ngazi. Kwa hiyo nilimwambia binti yangu waziwazi kabla hajaondoka: aamie mpaka mavuno, nami nitamkabidhi shamba mbele ya ukoo, liwe lake. Ndege wakilila, nitamkabidhi Method, mtoto wa marehemu shemeji yangu, ambaye analima jirani nalo na anajua maana ya kazi.

Alikubali. Kisha akapakia kwenye pikipiki mchele, chumvi, chandarua, gitaa la umeme, spika, paneli ndogo ya jua na betri.

Nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu. Nautambua uso wa mtoto anayebeba kitu kisichohusiana na kazi aliyotumwa. Hakuna anayeamia ndege kwa spika.

Jumatano, 22 Aprili

Wageni mlangoni. Vijana watatu, mabegi mgongoni, viatu vimejaa tope. Msichana mmoja, kanyoa upande mmoja wa kichwa na kuacha wa pili. "Mambo, bibi." Sikujibu. Anayeniambia mambo hajanisalimu. Nikasubiri mpaka mmoja wao akakumbuka shikamoo.

Wametoka Morogoro. Wanapiga magitaa. Wanasema wamekuja kuona mahali ilipozaliwa "Kuamia". Hilo ni jina la albamu aliyoirekodi Editha mwaka juzi kulekule shambani, pamoja na Deo, fundi simu wa Kibaoni. Sijaisikiliza. Nilisikia kipande kupitia mlango wa chumba chake wakati akiitengeneza. Kelele kama mashine ya kukoboa iliyomeza jiwe, na chini ya kelele kitu chepesi, kitamu, kama wimbo wa watoto wa chekechea. Vitu viwili visivyokaa pamoja. Nilimwambia afunge mlango. Akafunga.

Kijana anayeitwa Frank alisema albamu hiyo imebadilisha maisha yake. Nikamwuliza alikuwa akifanya nini kabla ya hapo. Akasema alikuwa akisomea uhasibu, ameacha.

Alitaka kunipiga picha. Nilikataa. Akapiga picha ya ukuta wangu. Mtu mwenye nia njema hapigi picha ya ukuta.

Nikawaambia Editha yuko Namawala kikazi. Nilidhani watarudi kwao. Wakafurahi, wakauliza njia.

Walipofika barabarani yule msichana aligeuka, akaitazama nyumba, akapaza sauti: "Hayaaa-we!" Wenzake wakacheka, wakamziba mdomo, wakaangalia nyuma kuona kama nimesikia.

Nimesikia.

Alhamisi, 23 Aprili

Sokoni kununua perege wakavu. Napita kijiwe cha bodaboda. Nyuma yangu: "Hayaaa-we!" Kicheko. Kisha sauti nyingine, ya chini: "Wewe, acha. Ndiye mwenyewe."

Ndiye mwenyewe wa nini?

Niligeuka. Wote wakawa wanatazama matairi. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Nilisimama mpaka mmoja akasema "Shikamoo, Mwalimu," nikaitikia, nikaondoka bila kuchechemea. Kutochechemea kuliniuma hadi nyumbani.

Katika miaka yangu yote ya ubao na chaki watoto waliniogopa, wengine walinichukia, lakini hakuna aliyenizomea barabarani. Jambo hili limetoka kwa Editha. Amesema kitu kunihusu katika albamu yake. Sijui nini. Nimeudhika, na nimeaibika, na sipendi kwamba nimeaibika.

Jumamosi, 25 Aprili

Method amekuja. Shikamoo kamili, kofia mkononi, akavua viatu mlangoni. Ameleta boga. Tofauti ya malezi huonekana hapo.

Hakutaka kusema. Nilimlazimisha. Akasema, "Mama mkubwa, mimi si mtu wa kupeleka maneno. Ila ungeniuliza baadaye kwa nini nilinyamaza." Kisha akanionyesha picha katika simu yake. Mashuke yamebaki makapi, yamesimama wima kama mafagio, nyuma yake kisiki chenye panda. Upande wa chini, alisema, karibu na matete. Ndege wamekwisha kula kipande kizuri.

Tena wapo watu. Vijana wa mijini wanalala shambani, wanapika, wanapiga makelele ya spika mchana kutwa. Watu wa Namawala wanalalamika. Na yeye mwenyewe amepita mara kadhaa akamkuta Editha amekaa dunguni kimya, gitaa mapajani, ndege wakija mbele ya macho yake. "Kimya, mama mkubwa. Kama mtu anayesubiri basi."

Nilimpigia Editha mara nyingi. Simu haipatikani. Mbugani mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na mtu asiyetaka kupatikana hapandi kichuguu.

Boga ni zuri. Sikulipika.

Jumapili, 26 Aprili

Misa ya kwanza. Matangazo ya parokia yalikuwa na makosa manne, niliyasahihisha pembeni ya karatasi, nikampa katibu. Amezoea.

Mchana nilifungua redio nikisubiri taarifa ya habari. Nikakuta mtangazaji akizungumzia "Kuamia". Alisema albamu ilipotoka hakuna aliyeijali, na leo kila kundi la vijana wanaopiga magitaa, Dodoma hadi Mbeya, linatafuta debe la kugonga na spika iliyopasuka. Alisema ubora wake ni kwamba kelele haiui wimbo, wala wimbo hauombi radhi kwa kelele. Akasema pia "albamu hii, yeye amezaliwa". Albamu si mtu.

Akasema sasa tusikilize jinsi inavyoanza. Nikazima.

Huenda nilipaswa kuiacha iendelee. Lakini nilijua kinachokuja: mlio ule wa jiwe ndani ya mashine. Na mtoto wangu anaposifiwa redioni kwa kazi ambayo kwa ajili yake ameacha mpunga uliwe, sifa hizo mimi huzisikia kama shtaka.

Jumanne, 28 Aprili

Kanda hazipo.

Naandika polepole. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na vitenge vyangu vya zamani, cheti cha ndoa, na kanda za kaseti za marehemu mume wangu. Anselm alipenda gitaa kuliko jembe. Msimu wa kuamia alikuwa anakuja na redio kaseti hadi dunguni, anajirekodi huku ndege wakipita juu yake. Tuligombana sana kwa sababu ya gitaa hilo. Alipofariki nilizifunga kanda katika kitambaa cha kichwa. Sijazipiga tangu wakati huo. Sina redio ya kuzipigia, na hata ningekuwa nayo nisingezipiga. Ilitosha kujua zipo.

Pasaka nilipanguza sanduku, zilikuwepo. Leo nimefungua nitafute kitenge, nikakuta kitambaa kimekunjwa vizuri, kitupu.

Aliyekunja ni mtu wa nyumba hii. Mwizi hakunji.

Nilikwenda kwa Deo Kibaoni, jua kali, kwa miguu. Kibanda chake kimejaa simu zilizofumuliwa matumbo. Katika rafu ya nyuma nikaona redio kaseti ya zamani, safi, imechomekwa umeme. Fundi simu anahitaji redio kaseti ya nini? Nikamwuliza kuhusu kanda za mzee. Akasugua shingo.

"Mama, hilo muulize Editha."

"Nakuuliza wewe."

"Nilimwahidi, mama. Nisamehe. Wewe mwenyewe ungenichapa nikivunja ahadi."

Maneno ya ujanja. Nimeondoka na hakika moja: kanda zilipita mikononi mwake. Sasa zimo mikononi mwa nani? Vijana wanaosafiri toka Morogoro kupiga picha ukuta watatoa nini ili wapate sauti ya baba yake Editha? Nimeshafikiri jibu. Sitaliandika.

Jumatano, 29 Aprili

Nimemwambia Method aite ukoo Jumapili. Shamba litakuwa lake.

Alishukuru mara moja, bila kujivuta. Nilitegemea angekataa kidogo kwanza, kama watu wanavyofanya.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Sikutoka.

Bado nawaza juu ya ile shukrani ya haraka.

Nawaza pia juu ya picha. Upande wa chini karibu na matete, alisema. Matete yako upande wa chini wa shamba langu. Yako pia upande wa chini wa shamba lake.

Simshtaki mtu. Lakini kabla sijamnyang'anya mtoto wangu shamba, nitaliona kwa macho yangu. Kesho naondoka na gari la asubuhi. Simwambii yeyote. Nataka kuwakuta kama walivyo.

Ijumaa, 1 Mei. Namawala

Naandika ndani ya kibanda, chini ya dungu. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitaanza na mwisho.

Gari lilikwama mara mbili. Nyonga imenilipisha kila shimo. Bodaboda akaniacha kwa Mama Zuhura, jirani yetu wa upande wa juu, mama wa Kindamba ambaye ametufahamu tangu Editha akibebwa mgongoni.

"Mwalimu! Umekuja kukagua madaftari?"

Nilimwambia asinitangaze. Akacheka, akanipa fimbo. "Nenda. Ila usikohoe, binti yako ana masikio."

Nilizunguka kwa njia ya matete, nikakaa juu ya gogo mahali ambapo ningeona bila kuonekana. Sioni haya. Nilisimamia mitihani kwa namna hiyohiyo.

Kwanza nikasikia mlio. Mwembamba, kama mbu wengi, ukipanda na kushuka pamoja na upepo. Nikadhani ni masikio yangu. Kisha jua likatoka na nikaona. Kutoka kigingi hadi kigingi, juu ya mpunga wote, zilinyooshwa tepe nyembamba za rangi ya kahawia. Zinang'aa. Zinatetemeka. Zinalia.

Utepe wa kaseti. Watu wa bonde hili wamekuwa wakiufunga mashambani tangu zamani, kwa kuwa ndege hawaupendi mlio wake. Lakini nilijua utepe huo umetoka wapi. Sauti ya mume wangu imefungwa vigingini kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilikaa na hasira. Sikuweza kunyanyuka. Nikawa natazama tu.

Editha alikuwa juu ya dungu. Gitaa mapajani. Kimya, kama Method alivyosema. Katika pembe za shamba walisimama wale vijana wa Morogoro, kila mmoja na debe na fimbo, na wao kimya. Hakuna aliyekuwa anafanya kitu. Nikajisemea, basi ni kweli.

Ndege wakaja. Waliinuka toka upande wa mto, wingu moja, wakageuka juu yetu na kutia kivuli. Editha hakusogea. Wakazunguka. Wakashuka kidogo. Hakusogea. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya nyuzi kama mkono wa mtu aliyelala. Wakashuka tena, nikaanza kuyaona matumbo yao, na mpunga wangu umesimama chini yao na maziwa yake.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje. Nikapiga kelele.

"Hayaaa-we!"

Shamba zima likageuka kunitazama. Yule msichana akaangusha debe. Na mimi nikasimama katikati ya matete nikiisikia sauti ile ikirudi kutoka upande wa pili wa mbuga, na ndipo nikaitambua. Niliyoisikia kwenye kijiwe cha bodaboda ni hii. Waliiga vibaya, kwa koo badala ya tumbo. Lakini ni yangu.

Ndege hawakuondoka. Waliruka juu, wakafanya duara, wakarudi. Nilikuwa nimewahi. Ukipiga kelele wakiwa juu, wanajifunza kwamba ni kelele tu. Unapaswa kusubiri mpaka wakunje mabawa washuke, wakati hawawezi tena kubadili nia, hapo ndipo unawapiga kwa kila ulichonacho, na wakiondoka huondoka kweli. Nilijua hilo kabla Editha hajazaliwa. Mimi ndiye niliyemfundisha, dunguni humo, nikimshika mkono asivute kamba ya makopo mapema. Hasira ilinisahaulisha.

Yeye hakusahau. Alisubiri. Wakakunja mabawa.

Kisha akapiga. Siwezi kuieleza sauti hiyo kwa haki. Gitaa lilipasuka kutoka kwenye spika kama mabati yakiezuliwa na upepo, akavuta kamba kwa mguu na makopo yote ya kokoto yakalia, madebe yakajibu toka pembe zote, na juu ya hayo yote gitaa likaendelea kulia lenyewe bila kuguswa. Wingu likavunjika. Likaenda. Hakuna ndege aliyegusa shuke.

Ndani ya kelele hiyo alikuwa anapiga wimbo. Mfupi, mwepesi. Niliusikia ulipokuwa unaisha.

Akaniona. Akashuka ngazi bila haraka.

"Shikamoo, Mama. Umewahi kidogo."

"Marahaba. Kanda za baba yako."

Nikamwonyesha kwa fimbo. Hakukana. Alisema kanda zilikuwa zimeota ukungu ndani. Deo aliitengeneza ile redio ya zamani kwa ajili hiyo tu, mwaka juzi, wakazipiga kila moja mara moja na kuhamisha sauti yote kwenye kompyuta. Utepe ukawa unashikana na kukatika. Hazitapigika tena. Alizirudisha sandukuni kimya, mwaka huu akaona heri zifanye kazi shambani kuliko kuoza chini ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Nikakuta umesema nifunge mlango."

Nikauliza kama wageni wamekula.

Kumbe sharti la Editha ni moja: anayetaka kuona dungu la "Kuamia" ashike debe kwanza. Frank ana malengelenge mikononi. Nimeridhika na hilo.

Jumamosi, 2 Mei. Namawala

Nimelizunguka shamba lote kwa fimbo, polepole. Upande wa chini, matete hadi matete. Mashuke yameinama kwa uzito. Hakuna makapi.

Makapi yapo ng'ambo ya mpaka. Kwa Method. Nilikaa hapo nikiangalia kile kisiki chenye panda, ambacho kinaonekana nyuma ya mashuke katika picha yake. Dungu lake halina mtu. Amewaajiri vibarua, Mama Zuhura anasema, wanakuja saa nne na kuondoka wakisikia njaa. Ndege wanaofukuzwa kwetu hawaendi mbali. Wanakwenda kwake.

Kwa hiyo hakutaka shamba langu tu. Alitaka kelele zinyamaze.

Alivua viatu mlangoni, na mimi nikaona hiyo inatosha.

Baada ya chakula nilimwambia Editha, "Nipe nisikilize." Akadhani natania. Mimi sitanii. Akanipa vitu vya kuweka masikioni, akaniweka kivulini, akaondoka ili asinitazame. Nilishukuru kwa hilo kuliko kwa albamu.

Inaanza na gitaa la Anselm. Moja, bila umeme, na nyuma yake upepo na ndege na mkwaruzo wa kanda. Ile namna yake ya kuchelewa kidogo kabla ya noti ya mwisho, ambayo ilikuwa inaniudhi. Kisha mwanamke anapiga kelele karibu kabisa. "Hayaaa-we! Anselm, liweke chini hilo gitaa, ndege wanakula mpunga!"

Ni kijana, huyo mwanamke. Ana hasira. Hata katika hasira ametamka kila neno hadi mwisho.

Na Anselm haweki chini. Anacheka, unasikika, kisha analifuata hilo neno kwa nyuzi, "hayaaa-we", juu, chini, tena juu. Nilikuwa nimesahau kwamba alifanya hivyo. Nadhani wakati huo sikusikia, nilikuwa nimeshageukia ndege. Hapo Editha anaingia na magitaa yake yaliyopasuka, yote kwa pamoja, na katikati ya ngurumo hiyo wimbo ni huohuo, juu, chini, juu. Anaubeba hivyo hadi mwisho wa albamu. Unapotea, kelele zinaufunika, unadhani umekufa, unarudi mahali usipotarajia.

Huo wimbo wa watoto wa chekechea ni mimi.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Zipo sehemu nisizozipenda. Wimbo wa nne ni mrefu bila sababu. Nitamwambia.

Frank alipita na debe. Akauliza, kwa adabu safari hii, kama ningekubali kuitoa tena ile sauti ili wairekodi. Nilimwambia sauti hiyo hutolewa kwa ndege tu.

Jumapili, 3 Mei. Namawala

Nilituma ujumbe toka kwenye kichuguu: ukoo ukutane shambani, sababu mpunga hauachwi. Wakaja. Method naye akaja, shati jeupe.

Kabla ya kukaa nilimwomba anisindikize hadi mahali alipopiga picha. Mbele ya wote. Alinipeleka hatua chache ndani ya shamba langu, akasimama, akatazama viatu vyake. Mashuke yalikuwa yanagusa mifuko yake ya suruali, yamejaa.

"Ni hapa?"

"Mama mkubwa, kelele za Editha zinanisukumia ndege."

"Basi weka mtu dunguni."

Mama Zuhura, ambaye si wa ukoo na hakualikwa, alicheka hadi akashika mti. Editha hakucheka. Alimwambia Method atampa vijana wawili na debe kesho asubuhi, na amfundishe kibarua wake kusubiri. Mimi nisingempa hata fimbo. Lakini shamba si langu tena, wala uamuzi.

Sikungoja mavuno. Kwa desturi yetu, mwenye shamba huuzunguka mpaka wote akiwa mbele, anayepokea hufuata nyuma, na ukoo nyuma yao. Nilitembea. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuniambia nipumzike. Kila tulipovuka utepe niliinama ili nisiukate. Tulipofika tulipoanzia nilisogea pembeni, Editha akapita mbele.

Basi. Limekuwa lake.

Method ameondoka bila kuaga. Nimelikumbuka boga lake. Nitalipika.

Jumatano, 6 Mei. Namawala

Nilipaswa kurudi Ifakara jana. Sikurudi.

Deo amekuja na mbao, ameongeza vipandio katika ngazi ili nyonga isidai sana. Bado simwamini kikamilifu. Ameweka msumari mmoja upande. Nimemwonyesha, ameung'oa.

Wamekuja wageni wengine, wa Dodoma. Wawili, na magitaa. Wa kwanza aliniita "legendi". Nikamwambia kuna madebe kule.

Editha amelala ndani ya kibanda. Alikuwa dunguni tangu alfajiri. Nimepanda badala yake. Gitaa lake liko pembeni yangu, spika imezimwa. Sijaligusa. Upepo ni mdogo na utepe unalia kwa chini, ukitulia, ukianza tena. Siusikii kama Anselm. Nausikia kama utepe. Lakini sichoki kuusikia.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika kamba ya makopo.

Wameinuka toka upande wa mto. Wanageuka. Wako juu ya matete sasa, wanashuka kidogo.

Bado.